VIFAA HAFIFU VYA UJENZI NA HATARI YAKE KWA WENYE NYUMBA

(Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wakaazi)



Mtu anayejenga Mbagala, Chamazi, Goba au Bunju hamalizi nyumba yake kwa mwaka mmoja. Mwaka wa kwanza hununua kiwanja, wa pili huchimba msingi, kisha kuta hufika kwenye linta na hukaa hapo zikinyeshewa mvua mpaka zipatikane fedha za bati. Ndivyo zilivyojengwa nyumba nyingi za pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam, katika Wilaya za Kinondoni na Temeke, na katika Ubungo na Kigamboni zilizomegwa kutoka humo. Watumishi na wafanyabiashara wengi wa Visiwani wana nyumba au jamaa katika mitaa hiyo, na bidhaa za ujenzi huvuka bahari kwa pande zote mbili. Kwa hiyo jambo hili si la upande mmoja wa Muungano.

Ujenzi wa kidogo kidogo una heri yake, kwani humwepusha mwananchi na madeni. Dosari yake ni kwamba vifaa vya kila hatua hutoka duka jingine, mara nyingi kwa mkono wa fundi, risiti hupotea, na mhandisi hakanyagi kiwanjani. Nyumba ikija kupasuka baada ya miaka minane, hakuna ajuaye nondo zake zilitoka wapi.

Tarehe 29 Machi, 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Jiji, liliporomoka na watu 36 wakapoteza maisha. Tarehe 16 Novemba, 2024 likaporomoka jengo la ghorofa nne huko Kariakoo, na waliofariki hawakupungua 29. Haitakuwa insafu kuvitwika vifaa lawama yote ya misiba hiyo. Jengo la mwaka 2013 lilikuwa limepandishwa kupita idadi ya ghorofa zilizoruhusiwa. Hata hivyo, majengo ya namna hiyo yakianguka Serikali huchunguza na magazeti huandika. Linta ikikatika katika nyumba ya vyumba vitatu kule Charambe, mwenye nyumba huambiwa kuwa fundi alikosea au ardhi ilititia, na shauri huishia hapo.

Kifaa kinachostahili kuangaliwa kwanza ni nondo, kwa sababu ndiyo inayobeba na ndiyo isiyoonekana tena baada ya zege kumwagwa. Udanganyifu wake ni mwepesi mno. Nondo huuzwa kwa jina la milimita 12 ilhali unene wake ni milimita 10 na nusu. Tofauti hiyo ya milimita moja na nusu jicho haliioni, hasa nondo zikiwa zimefungwa pamoja na kukunjwa katikati kwa ajili ya kupakiwa garini. Lakini nguvu ya nondo hufuata eneo la mkato wake, na kwa upungufu huo karibu robo ya chuma kilicholipiwa haimo. Mwenye nyumba aliyehesabiwa nondo nne katika nguzo huwa amepata tatu na kitu.

Ziko pia nondo zenye unene kamili ambazo chuma chake ni kigumu na kikavu, hukatika zinapopindwa badala ya kukunjika. Hizo ni za hatari zaidi. Zege lililofungwa kwa nondo nzuri hutoa ufa kabla ya kuanguka, na watu huwahi kutoka. Nondo inayokatika kwa ghafla haitoi onyo.

Habari njema ni kwamba upungufu wa unene hugunduliwa kwa mizani ya kawaida, ile ya kupimia mchele. Unene wa nondo kwa milimita huzidishwa kwa nafsi yake, kisha hugawanywa kwa 162. Jibu ni kilo za kila mita moja. Kwa nondo ya milimita 12, ni 144 kugawanywa kwa 162, yaani karibu gramu 890. Nondo nzima ya mita 12 inapaswa kukaribia kilo 10 na gramu 700. Ile ya milimita 10 hukaribia kilo 7 na gramu 400, na ya milimita 16 hukaribia kilo 19. Tofauti ndogo ya kiwandani huruhusiwa, lakini nondo ya milimita 12 yenye kilo 8 haina jina jingine ila wizi. Hesabu hii ni ya skuli ya msingi, na inashangaza kwamba watu wanaopima nyama kwa uangalifu buchani hununua nondo za malaki ya shilingi bila ya kuzipandisha mizanini.

Kuhusu bati, wananchi wafahamu kuwa namba ya geji ikipanda unene hushuka: geji 32 ni nyembamba kuliko geji 30, na geji 30 ni nyembamba kuliko geji 28. Mdanganyifu hupiga muhuri wa geji 30 juu ya bati la geji 32. Tena bati linaweza kuwa na unene uliotajwa na bado likawa limepakwa zinki haba. Mwambaoni, ambako upepo una chumvi, bati la namna hiyo huanza kutu kwenye matundu ya misumari, na maji hushuka kwenye mbao za paa muda mrefu kabla mwenye nyumba hajaona doa darini.

Nyaya za umeme ni suala la moto. Zipo zinazong'aa kama shaba nje, na ndani ni alumini, ambayo kwa unene ule ule hupitisha umeme kwa uchache kuliko shaba. Waya hupata joto, ganda lake hulainika, na moto huanzia ndani ya ukuta watu wakiwa wamelala. Fundi akikwangua ncha kwa kisu na weupe ukatokea, waya huo urejeshwe dukani siku hiyo hiyo. Saruji haihitaji maneno mengi: nyingi hutengenezwa nchini, na tatizo lake kubwa ni mifuko iliyokaa hata ikaganda, kisha ikapondwa na kuuzwa upya.

Isidhaniwe kuwa kila kitokacho ng'ambo ni kibovu na kila cha nchini ni kizuri. Tangu mwaka 2012 Tanzania Bara imekuwa na utaratibu wa kukagua shehena katika nchi zinakotoka, na kwa Zanzibar Taasisi ya Viwango imewekwa na Sheria Namba 1 ya mwaka 2011. Mwanya mmojawapo uko kwenye bandari bubu za mwambao, ambako mzigo hushushwa usiku bila ya cheti. Mwingine uko dukani, ambako bidhaa iliyokaguliwa na isiyokaguliwa huwekwa rafu moja kwa bei zinazokaribiana.

Mwenye malalamiko ajue pa kuyapeleka. Bidhaa iliyo chini ya kiwango, kwa upande wa Bara, ni ya Shirika la Viwango Tanzania. Bidhaa bandia, yaani iliyobandikwa jina la mtengenezaji asiyekuwa wake, ni ya Tume ya Ushindani, chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Kwa Unguja na Pemba malalamiko ya viwango hupokelewa na Taasisi ya Viwango Zanzibar. Kote huko swali la kwanza ni risiti.

Kwa hiyo kila anayejenga anaombwa adai risiti inayotaja aina na kipimo cha kifaa, wala si neno “vifaa” pekee. Nondo zipimwe kabla ya kukatwa, mbele ya muuzaji. Na katika kila mzigo kikatwe kipande cha mita moja, kiandikwe tarehe na jina la duka, kihifadhiwe pamoja na risiti hiyo mpaka nyumba ihamiwe.