KUTUNZA NA KUZIBA KICHUJIO CHA HEWA CHA PIKIPIKI KUUKUU

Hotuba ya mafundi wa karakana ya Chama Kikuu, iliyosomwa mbele ya wanachama katika sherehe ya kutimiza miaka 10



Sisi mafundi wa karakana twashukuru sana kwa kupewa nafasi ya kusema machache katika siku hii ya furaha. Waliotutangulia wamekwisha kusema juu ya bei, mizani na maghala. Sisi twaomba ruhusa kusema juu ya kitu kidogo kilichofichwa ndani ya sanduku, wala hakionekani na mpita njia, nacho ni kichujio cha hewa cha pikipiki. Mafundi wa mjini hukiita ea klina.

Huenda mtu akauliza jambo hili lamhusu nini mkulima wa pamba. Lamhusu sana. Msimu wa kununua pamba hufunguliwa mvua zikiisha, yaani wakati ule ule barabara zetu za kusini mwa Ziwa Victoria zinapogeuka kuwa vumbi tupu. Hapo ndipo pikipiki za ushirika zinapofanya kazi kuliko wakati mwingine wowote: kupeleka hati za mizani, kukagua vituo vya kununulia, na kufuatilia malipo. Pikipiki ikifa njiani katikati ya msimu, anayengoja si mpandaji wake peke yake. Yuko na mkulima aliyekwisha kutoa pamba yake na hajalipwa. Tena pikipiki hizo zilinunuliwa kwa makato ya kila kilo mliyoleta ghalani. Ni mali yenu.

Nyingi kati yake ni za zamani. Zipo Honda CG125, muundo uliotoka kwanza mwaka 1976, na zipo Yamaha AG100, zilizobuniwa kwa kazi za shambani, zenye injini ya mipigo miwili, yaani ile inayochoma oili pamoja na petroli. Ukuukuu si aibu. Mara nyingi chuma cha pikipiki kuukuu bado ni kizima; kilichochoka ni mipira yake. Na mpira ukichoka, vumbi hupata mlango.

Petroli haiwaki bila hewa. Kilo 1 ya petroli huhitaji zaidi ya kilo 14 za hewa. Tukipima kwa lita, lita 1 ya petroli huvuta lita kama 9,000 za hewa, yaani mapipa 45 ya lita 200. Hewa yote hiyo hupita katika mdomo mdogo wa kabureta. Ikiwa ni hewa ya barabara inayopita katika udongo wa kichanga, ule ambao Wasukuma huuita luseni, ndani yake zimo chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko chuma cha silinda. Nafasi iliyopo kati ya pistoni na silinda ni sehemu chache tu za mia za milimita, nyembamba kuliko unywele. Chembe ikiingia humo na kuchanganyika na oili hufanya kazi ya tupa. Ringi huliwa, silinda hukwaruzika, nguvu hupungua, na moshi wa buluu hutoka nyuma. Katika injini ya mipigo miwili vumbi hupitia kwanza kwenye beringi za chini, nazo huharibika kabla ya vingine.

Kichujio kina maradhi mawili, na watu wengi hulijua moja tu. La kwanza ni kuziba kwa uchafu. Maradhi haya hujitangaza yenyewe: pikipiki hutoa moshi mweusi, plagi huwa nyeusi kwa masizi, na petroli huisha upesi. La pili ni kuvuja, nalo ni baya zaidi, maana halina kelele. Hewa hupita kando ya kichujio badala ya kupita ndani yake, na pikipiki huweza kukimbia vizuri kabisa mpaka siku injini itakapokuwa imekwisha kuliwa.

Ililetwa kwetu pikipiki moja iliyokwisha kubadilishwa ringi mara mbili mahali pengine, katika msimu mmoja. Mwenye kuipanda alisema kichujio hakina kosa, na kweli sponji yake ilikuwa safi mno. Tulipopitisha kidole ndani ya mpira unaounganisha sanduku la kichujio na kabureta, kilitoka kimejaa vumbi. Mpira ulikuwa umepasuka upande wa chini, pasipoonekana. Usafi wa sponji ile ndio uliokuwa ushahidi: hewa haikuwa ikipita hapo. Basi, wenzetu, sponji ikitoka safi baada ya safari ya vumbi, msifurahi, tafuteni ufa.

Sasa twaeleza kazi yenyewe.

Kwanza, futa vumbi nje ya sanduku kabla ya kulifungua, lisije likaanguka ndani. Ukikwisha kutoa kichujio, ziba tundu la kabureta kwa kitambaa safi.

Pili, osha sponji kwa mafuta ya taa, mbali na moto, kisha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Usitumie petroli, ni hatari kwa moto, nayo huyeyusha gundi ya maungio. Ikamue kwa kuibana katikati ya viganja. Usiisokote kama nguo, itachanika. Ianike kivulini mpaka ikauke kabisa. Mafuta machafu yasimwagwe kisimani wala shambani.

Tatu, itie oili. Sponji kavu haizuii vumbi laini. Oili ndiyo inayolinasa. Oili ya gia yafaa kwa kazi hii. Ipake mpaka ienee kote, kisha uikamue mpaka isidondoke. Lakini kichujio cha karatasi kisioshwe wala kisitiwe oili. Hicho hugongwagongwa polepole na kupulizwa kutoka ndani kwenda nje. Kikichanika, au kisipopitisha mwanga, kibadilishwe.

Nne, na hapa ndipo penye moyo wa maneno yetu, ziba. Paka grisi nyembamba katika ukingo wa kichujio unaokaa juu ya sanduku. Tazama gasketi ya kifuniko: ikiwa imekauka au haipo, weka nyingine. Ukunje mpira wa kabureta kwa vidole pande zote, hasa upande wa chini; mpira mzee huonyesha nyufa ukikunjwa. Kiraka cha tyubu ya baiskeli kitakufikisha nyumbani tu, basi. Nunua mpira mpya. Kaza klipu zote mbili. Mwisho, hakikisha kipira cha kutolea maji chini ya sanduku kipo mahali pake.

Tano, jaribu kazi yako. Paka grisi kidogo sana ndani ya mpira, upande wa kabureta. Baada ya wiki moja fungua utazame. Grisi ikiwa safi, umeziba vema. Ikiwa imeshika vumbi, ufa bado upo, na mara nyingi mstari wa vumbi utakuonyesha ulipo.

Twawaonya pia juu ya desturi mbili. Wako wanaokata kipande cha godoro na kukifanya kichujio. Matundu yake hayakupimwa kwa kazi hiyo, na petroli hukilainisha kikamumunyuka na kuvutwa ndani. Wako na wanaotoa kichujio kabisa ili pikipiki ipate nguvu. Kabureta ilipimwa pamoja na sanduku lake. Ukiliondoa, hewa huzidi petroli, injini hupata moto kupita kiasi, na vumbi halina mlinzi.

Bwana Mwenyekiti, twaleta maombi matatu mbele ya Halmashauri. Kila pikipiki ikaguliwe juma moja kabla ya msimu kufunguliwa, na kila Jumamosi wakati wa msimu. Kila chama cha msingi kiwe na kopo la grisi, chupa ya oili ya gia, na sponji moja ya akiba. Tena kila ukaguzi uandikwe katika daftari na kutiwa sahihi na mwenye kuipanda pikipiki, ili asiwepo wa kusema hakujua.

Gharama ya vitu hivyo ni ndogo sana mbele ya gharama ya kuchonga silinda na kununua pistoni mpya. Wazee wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Chama hiki kimejengwa kwa miaka 10, kilo kwa kilo. Tusikubali kiliwe na vumbi, chembe kwa chembe.

Twawatakia wanachama wote msimu mwema. Ushirika wetu na udumu.