Bei ya Bahati: Kwa Nini Hesabu ya Kamari Ifundishwe Shuleni



Mhadhara huu umezaliwa na ugomvi. Katika kikao cha idara nilipendekeza hesabu ya kamari iingizwe katika kozi ya walimu tarajali: dadu, ruleti, poka na mikeka ya mpira. Mwenzangu mmoja, ambaye yumo humu ukumbini na nilishamwahidi kwamba nitamsema bila kumtaja, akasimama akasema anayemfundisha kijana hesabu ya kamari anamfundisha kamari. Kikao kikamuunga mkono, chai ikaletwa, hoja yangu ikafa. Leo mimi nina kipaza sauti, yeye hana.

Namuuliza: kijana gani huyo asiyeijua kamari? Anayeshinda kijiweni anajua dubwi linavyomeza sarafu, anazijua karata tatu za stendi, na atakwambia ni timu gani iliyomchania mkeka Jumamosi. Kanuni za mchezo anazo zote. Asichokuwa nacho ni bei, na sisi walimu ndio tuliomnyima. Katika vitabu vyetu uwezekano ni mfuko wenye gololi nyekundu na nyeusi. Mwanafunzi anachomoa gololi, anaandika sehemu, anapata vema. Hakuna anayemuuliza angekuwa tayari kulipa shilingi ngapi ili aruhusiwe kuchomoa.

Dereva wa bodaboda anayenileta chuoni alinionyesha mkeka wake kwenye simu: mechi kumi, dau 1,000. Alijua goti la kila golikipa. Nikamwomba odi za mechi ya kwanza tu: mwenyeji 2.10, sare 3.20, mgeni 3.40. Gawa 1 kwa kila odi, kisha jumlisha: 0.476, 0.313 na 0.294. Unapata 1.083. Lakini uwezekano wa yote yanayoweza kutokea uwanjani haupiti 1, na hiyo 0.083 iliyozidi ndiyo riziki ya kampuni. Kwa mechi moja, kila 1,000 inarudisha kwa wastani kama 924. Si mbaya sana. Ila kwenye mkeka makato nayo yanazidishana. Tukichukulia mechi zote kumi zina makato hayohayo, 1,000 yake ilikuwa na thamani ya kama 450 tangu alipobonyeza, kabla hata refa hajapuliza filimbi.

Akafikiri kidogo, akaniambia, “Kwa hiyo, mwalimu, niweke mechi chache?”

Najua mwenzangu anatabasamu: si alisema! Lakini mechi chache ni afadhali kuliko kumi, na kutoweka kabisa ni afadhali kuliko chache, na hesabu iliyompeleka hatua ya kwanza ndiyo hiyohiyo inayoelekea ya pili. Mahubiri aliyoyasikia tangu utotoni hayakumtoa hata mechi moja.

Wapo pia walioleta hoja ya dini. Naiheshimu, nimelelewa nayo. Kilichoharamishwa ni kucheza. Kuhesabu hakujaharamishwa na yeyote, na aliyewahi kugawa mirathi anajua dini yetu haiogopi sehemu.

Tofauti ya bei na nafasi, poka ndiyo inayoionyesha waziwazi. Mezani kuna 8,000, mpinzani anaongeza 2,000. Una kopa nne, ya tano itakupa ushindi, na imebaki karata moja kufunuliwa. Karata usizoziona ni 46, kopa zilizosalia ni 9. Katika michezo 46 ya namna hiyo utapata 10,000 mara 9 na kupoteza 2,000 mara 37: 90,000 dhidi ya 74,000. Unalipa. Angeongeza 4,000, ingekuwa 108,000 dhidi ya 148,000, nawe ungetupa karata zako. Nafasi yako ya kushinda haikubadilika hata kidogo.

Tuje kwenye historia ya hesabu hii. Barua za Pascal na Fermat za 1654 mnazifahamu, naziruka. Nataka nikae na Gerolamo Cardano, daktari wa Italia aliyefariki 1576, ambaye kitabu chake cha michezo ya bahati, Liber de ludo aleae, kilichapishwa 1663, miaka 87 baada ya kifo chake. Ni kitabu cha fujo: hesabu, ushauri kwa mchezaji na malalamiko juu ya matapeli, vyote chungu kimoja. Mwandishi mwenyewe anasimulia kwingineko kwamba huko Venice, alipogundua karata zimetiwa alama, alimjeruhi mwenyeji wake usoni kwa jambia. Katika fujo hiyo kuna mahali ninapowasomesha wanafunzi wangu kila mwaka. Cardano anatafuta nafasi ya jambo kutokea mfululizo, naye anazidisha uwiano wenyewe wa kupata na kukosa. Halafu anashtuka. Kama jambo ni nusu kwa nusu, yaani moja kwa moja, basi kwa njia hiyo litabaki moja kwa moja ukilitaka mara mbili, tatu, hata nne mfululizo. Upuuzi mtupu! Anageuza: kinachozidishwa ni sehemu ya yote, nusu ya nusu ni robo, kwa hiyo mara mbili mfululizo ni tatu kwa moja dhidi yako. Na kosa la awali hakulifuta. Limo kitabuni mpaka leo. Naamini ni meza iliyomsahihisha. Mtu aliyewahi kuweka fedha zake hawezi kuikubali hesabu ile hata kwa dakika moja, ilhali mchomoa gololi angeikubali na kufunga daftari.

Mwenzangu anao ushahidi mmoja mzito: Cardano aliyajua haya yote na bado, kwa kukiri kwake mwenyewe, alicheza dadu karibu miaka 25, akapoteza mali na heshima. Nakubali. Hesabu si dawa ya uraibu. Mraibu anahitaji daktari na ndugu. Ila Cardano alianza kucheza kijana, wakati hakuna aliyemfundisha hesabu hii, akaja kuigundua akiwa ameshanasa. Najua huyo ni mtu mmoja, na mtu mmoja si utafiti. Hata hivyo nabaki palepale: hesabu hii ifundishwe kidato cha pili, kabla simu ya kwanza haijaingia mfukoni.

Nitaulizwa vipindi vitatoka wapi. Vichukuliwe kwenye majedwali ya logi ya tarakimu nne. Sijaona mtu akiyafungua nje ya chumba cha mtihani.