Tulibeba Nini, Tunataka Nini

(Maneno haya yalisemwa na mama mmoja mwalimu, mkazi wa upande wa Base Camp, wakati wa kuadhimisha Siku ya Wakimbizi Duniani. Kamati inayachapa kama alivyoyaandika mwenyewe.)



Naishukuru kamati kwa kunipa nafasi hii. Kama mnavyojua, kamati ilipeleka maswali matatu katika vikundi vya watu wazima wanaojifunza Kiingereza. Maswali yenyewe ni haya: Unataka nini katika maisha? Unaamini nini? Na je, una kitu gani ambacho huwezi kukitupa? Mimi niliongoza kikundi kimoja. Tulikuwa Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na Waethiopia, na lugha ya kutuunganisha ni hii Kiswahili yetu ya Nakivale, ambayo mwalimu wangu wa zamani angeisahihisha kwa wino mwekundu kutoka mwanzo hadi mwisho.

Nilidhani swali la vitu litakuwa jepesi kuliko mengine. Ndilo lililochukua wiki tatu.

Mama mmoja wa Ethiopia alileta jebena yake, ile birika ya udongo ya kupikia kahawa. Imevunjika mdomo na kuungwa kwa waya. Mzee mmoja Msomali alileta daftari la madeni la duka alilokuwa nalo Kismayu. Tulimwuliza kama anatumaini kulipwa. Akacheka, akasema wengi wa wadeni wake wamekwisha kufa, lakini katika daftari lile kuna mtaa wake wote, nyumba kwa nyumba, na nani alipenda sukari kuliko unga. Mama Mrundi hakuleta kitu. Alisema chake kiko shambani: ni maharage ya mbegu aliyoyafunga katika ncha ya kitenge alipovuka, naye ameyapanda kila msimu tangu hapo, hata ule msimu ambao jua liliunguza kila kitu na akabaki na kikombe kimoja tu.

Kisha kijana mmoja, mzaliwa wa hapa hapa, akasema: "Mimi sikubeba kitu. Mimi ndiye niliyebebwa." Darasa zima likanyamaza.

Ndugu zangu, swali hili si sisi wa kwanza kuulizwa. Mwaka 2012 mpigapicha mmoja, Brian Sokol, akishirikiana na UNHCR, aliwauliza wakimbizi wa Sudan waliokimbilia Maban, Sudan Kusini, ni kitu gani cha maana kuliko vyote walichokuja nacho. Walishika sufuria, dumu la maji, fimbo, kikapu. Baadaye swali hilo hilo lilipelekwa kwa Wasiria na wengine. Nimeziona baadhi ya picha hizo. Ni picha nzuri, lakini napenda kusema neno moja kwa heshima: kitu hakibaki kama kilivyo siku ya kupigwa picha. Mwezi Aprili 2020 posho yetu ya WFP ilipunguzwa kwa asilimia 30, na Februari 2021 ikapunguzwa tena hadi kufikia asilimia 40 chini ya ile ya kwanza. Wakati huo vitu vya thamani vilianza kutembea. Vitenge vya harusi vilitoka masandukuni, redio zikaenda, sufuria kubwa zikaenda. Katika kikundi chetu watu wanne walieleza vitu ambavyo hawanavyo tena. Kwa hiyo tukikuta nyumba haina kitu cha kumbukumbu, tusiseme haraka kwamba mwenyewe hana kumbukumbu. Pengine kililiwa.

Mimi nami niliulizwa. Nilisomea ualimu Bukavu, na mwaka 2008 nilikuwa nafundisha Kiwanja, karibu kabisa na mji wa Rutshuru. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huo waasi wa CNDP waliuteka mji wa Rutshuru, na mwanzoni mwa Novemba watu wengi wakauawa pale Kiwanja. Sisi tulishika njia ya Nyamilima hadi mpaka wa Ishasha. Katika mfuko wangu wa shule mlikuwa na kitabu cha majina cha mwaka wa sita wa msingi. Sikukichagua, nilichukua mfuko kama ulivyokuwa. Shule ilikuwa imefunguliwa Septemba, kwa hiyo kurasa zilizojazwa ni chache. Wanafunzi 41, wasichana 22 na wavulana 19, na alama ya kila siku aliyofika na kila siku aliyokosa.

Njiani watu walinishauri kukiwashia moto, maana karatasi kavu ilikuwa ni mali. Nilikataa bila kujua kwa nini. Miaka mitano baadaye kijana mmoja alinijia kwangu. Alikuwa ametaka kuingia sekondari, na shule moja, ambayo sitaitaja, ilikuwa imemwambia alete ushahidi wa darasa alilofikia. Ushahidi gani? Mtihani wa TENAFEP hakuufanya, kwa sababu vita vilimkuta mwaka wa sita ukiwa umeanza tu. Wazazi wake hawakuwapo. Nilifungua kitabu na jina lake lilikuwa la kumi na saba. Tulikwenda pamoja kwa mkuu wa shule. Akageuza kurasa mara mbili, akauliza mihuri ile ni ya nani na kwa nini imeandikwa Kifaransa, akakaa kimya, kisha akampa kijana karatasi ya hesabu aifanye pale pale. Aliifanya. Alipokelewa.

Tangu siku ile nimewakuta tisa kati ya wale 41 hapa hapa Nakivale. Wengine nimesikia wako Kyangwali, wengine walirudi. Wawili nilipewa habari zao ambazo si za kusema siku ya sherehe.

Sasa nakuja kwenye swali la imani, na hapo nitapita upesi kwa sababu katika kikundi hakukuwa na ugomvi. Kila mtu alisema anamwamini Mungu, kila mmoja kwa njia yake, na asubuhi tunasikia adhana ya upande mmoja na ngoma za kanisa za upande mwingine bila mtu kulalamika, isipokuwa wenye watoto wachanga. Mzee Msomali alisema anaamini kwamba deni halifi. Mama Mrundi alisema anaamini mvua, akacheka. Jambo moja tu lilinisumbua. Wapo wanaopita nyumba kwa nyumba wakisema kwamba ukifunga siku kadhaa na kutoa sadaka ya kutosha, jina lako litatokea kwenye ubao wa safari. Mimi ni mtu wa kusali. Lakini sijaona mahali Mungu alipoandikwa kuwa karani wa uhamiaji.

Hapo ndipo tulipoingia swali la kwanza, la kile tunachokitaka. Vijana walijibu kwa neno moja: safari. Marekani, Kanada, Australia. Wazee wengine waliwakemea, mimi sikuwakemea. Mtu aliyebebwa akiwa mtoto, akakulia katika nyumba ya udongo iliyojengwa kwenye kiwanja ambacho anaruhusiwa kukilima lakini si chake kuuza, ana haki ya kutaka mahali pengine. Ila tuelezane ukweli wa hesabu. Kila mwaka, katika dunia nzima, wakimbizi wanaopelekwa nchi ya tatu ni chini ya mmoja katika kila mia. Na Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, hata waliokuwa wamekwisha kupangiwa ndege wakaambiwa wabaki.

Jirani yangu mmoja alikuwa katika hao. Alikuwa ameuza mbuzi, godoro na cherehani yake. Habari ilipokuja aliketi nje ya nyumba siku nzima na mizigo yake imefungwa. Leo anashona tena. Cherehani ni ile ile, lakini sasa ni ya aliyeinunua, naye anaikodi kwake na kulipa kila Jumamosi. Nimemwomba ruhusa ya kulisema hili, akanijibu: "Waambie wasiuze mashine mpaka waone mlango wa ndege kwa macho."

Wazee wetu wa hapa wanakumbuka mfano mwingine. Nakivale ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950, na Wanyarwanda waliokimbia kuanzia 1959 waliishi katika vilima hivi miaka thelathini na zaidi. Wengi wao walirudi kwao baada ya 1994. Katika miaka hiyo yote hawakujua kama watarudi au la, na huku walisomesha watoto, wakafuga, wakazika. Hawakungoja kwanza wajue ndipo waishi. Sisemi kwamba kungoja kwao kulikuwa kuzuri, kwa kuwa miaka thelathini ni maisha ya mtu.

Mimi lengo langu ni dogo na lina jina: nataka stashahada yangu itambuliwe Uganda. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kutembea. Mkataba wa 1951, kifungu cha 22, unataja hata kutambuliwa kwa vyeti vya shule vilivyotolewa nchi za nje. Lakini kati ya sheria na ubao wa darasani kuna makaratasi. Cheti cha sekondari kinapelekwa UNEB, Kampala, kilinganishwe na vya Uganda. Changu kimeandikwa Kifaransa, nikaambiwa nilete tafsiri ya Kiingereza. Halafu ada, halafu nauli. Nimekwenda Mbarara kwa jambo hili mara nyingi hata makondakta wa taksi wananiita Madamu Makaratasi. Bado sijamaliza. Nikimaliza nitakuwa na umri wa kustaafu, na hiyo hainizuii.

Ndugu zetu wa mashirika, nawaomba jambo moja. Mnapotuandikisha mnatuuliza idadi ya watu nyumbani, ulemavu, magonjwa, na tunajibu. Tuulizeni pia: una cheti gani, umesomea nini, karatasi yako iko wapi? Tunao wauguzi wanaochota maji ya kuuza. Tunao mafundi umeme wanaolima shamba la mtu kwa kibarua. Mtu ambaye hakuulizwa ujuzi wake kwa miaka kumi, mwishowe hata yeye huacha kuutaja.

Na sisi wenyewe tuna kazi. Mchwa wa Nakivale hawajui tofauti kati ya gazeti na diploma. Msimu wa mvua uliopita nyumba tatu za upande wetu zilianguka ukuta, na katika mbili vyeti vya kuzaliwa vya watoto viligeuka uji. Kwa hiyo kamati imekubali kununua masanduku mawili ya bati yenye kufuli, yatakayowekwa ndani ya ofisi juu ya matofali, si chini sakafuni. Kila mwenye cheti, hati ya ndoa, kitabu cha kliniki, picha ya marehemu, au hata daftari la madeni, analeta, anaandikishwa, anapewa namba. Asili inabaki kwake ikiwa anataka. Sandukuni tutaweka nakala.

Nakala zitapigwa Mbarara mjini, ambako bei ni nafuu na mashine hazikatiki umeme kila saa. Watu wawili wa kamati watakwenda kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi kwa taksi ya alfajiri, na kurudi na karatasi zote siku hiyo hiyo kabla ya giza. Anayeogopa kuachia karatasi yake apande nao, nauli ni yake. Wanaoanza mwezi ujao waje kujiandikisha kwangu au kwa katibu kabla ya Alhamisi, na karatasi ziletwe zikiwa zimekaushwa juani.