Jina Moja, Watumishi Watatu: Mazungumzo kuhusu Kuchuja Majina katika Saraka ya Barua Pepe



Nimetakiwa nieleze inakuwaje barua ya mwananchi, iliyopokelewa vema masjala, iangukie kwa mtu asiyehusika. Nianze na kosa langu mwenyewe. Nikiwa katika ofisi nyingine, nilituma maelezo ya mgogoro wa kiwanja kwa Afisa Ardhi aitwaye Juma. Niliandika herufi tatu, programu ikapendekeza jina, nikabonyeza. Juma yule alikuwa mtumishi mwingine aliyekwisha kustaafu. Mama mwenye kiwanja alisubiri majuma matatu akiamini amepuuzwa, nami sikujua.

Programu ya barua pepe haibuni majina. Huyauliza kwenye saraka, yaani daftari kuu lililomo katika seva, mara nyingi kwa utaratibu uitwao LDAP, ulioanzia Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Daftari hilo huweza kuwa na zaidi ya watu: mna printa, vyumba vya mikutano na akaunti za majaribio. Katika Thunderbird, kwa mfano, kichujio kisipobadilishwa hukubali kila kilichomo, na matokeo hukomea 100. Basi takataka zikijaza nafasi hizo, umtafutaye aweza asionekane kabisa.

Dawa yake ni kuweka masharti yanayotimizwa kwa pamoja: kilichoandikishwa kiwe mtu, kiwe na anwani ya barua pepe, na akaunti yake iwe hai. Yule Juma mstaafu angeachwa nje na sharti la tatu, mradi akaunti yake imefungwa.

Hata hivyo, kuchuja kupita kiasi nako kuna madhara, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Nilipata kuongeza sharti la nne, kwamba idara iwe imejazwa. Muuguzi aliyehamia karibuni akatoweka katika orodha, kwa kuwa nafasi ya idara yake ilikuwa bado tupu. Wenzake wakawaambia wagonjwa kwamba hajaripoti, ilhali alikuwa chumba cha pili! Kichujio hakitangazi kimemwacha nani. Sharti lile nililiondoa siku ile ile, na tangu hapo sichuji kwa kitu ambacho ofisi ya utumishi haijakamilisha kukijaza.

Kuna mawili zaidi. Kichujio kilichowekwa katika kompyuta ya karani si kufuli. Taarifa za siri hulindwa kwenye seva yenyewe. Tena, programu nyingi huhifadhi kando anwani zilizowahi kuandikiwa, na hizo hazipiti katika kichujio cha saraka. Karani asipozifuta, mstaafu ataendelea kujitokeza.

Kwenu wananchi, ombi langu ni hili: mletapo barua, andikeni jina kamili la mpokeaji pamoja na cheo chake, kwa mfano “Afisa Ardhi”, kisha mwombeni karani awasomee anwani nzima kabla ya kutuma. Iwapo siku zimepita bila jibu, rudini masjala mkaulize ilitumwa kwa anwani ipi. Swali hilo lina jibu, kwani nakala hubaki katika barua zilizotumwa.