Ukishikwa kwa kosa la ndugu yako

Vijana wenzangu wa Nyakoe! Tuseme binamu yako alishtakiwa akatumia jina na namba yako ya kitambulisho, akapewa dhamana, akatoroka. Leo uko sokoni na ndizi zako, polisi wanakushika wewe kwa waranti yake. Usikimbie. Ibara ya 49 ya Katiba inakupa haki ya kuambiwa sababu, kunyamaza, kumpata wakili, na kufikishwa kortini ndani ya saa 24. Muda ukiishia wikendi, basi siku ya korti inayofuata. Mbele ya hakimu sema wazi: aliyeshtakiwa si mimi, naomba alama za vidole zilinganishwe. Jina alilitumia, vidole vyako hawezi. Mama atasema yaishe nyumbani. Haya, msamehe, lakini waranti inafutwa na korti tu.