Mashine Ikikohoa, Tuanzie Kwenye Tangi
(Mazungumzo na wanakisomo na kamati ya mashine ya kijiji)



Leo tuzungumze juu ya injini ya dizeli inayozungusha mashine yetu ya kusaga. Injini hii ikizima, taabu inawarudia akina mama. Wanatwanga, au wanabeba debe la mahindi kichwani mpaka kijiji cha pili. Kwa hiyo jambo hili si la fundi peke yake. Ni letu sote.

Injini inataka nini? Inataka mafuta na hewa. Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Hewa inashindiliwa ndani ya silinda mpaka inakuwa ya moto sana. Dizeli ikinyunyizwa humo, inawaka yenyewe. Aliyeibuni ni Mjerumani, Rudolf Diesel, na mwaka 1897 injini yake ilijaribiwa ikafanya kazi vizuri. Basi, injini ikikohoa na kuzima, tuulize kwanza: Je, mafuta yanafika? Je, hewa inaingia?

Katika kijiji kimoja tulikokwenda, mashine ilikuwa na ugonjwa wa ajabu. Asubuhi inawaka vizuri. Inasaga. Halafu inakohoa, inapunguza mbio, inazima. Ikipumzishwa inawaka, kisha inazima tena. Fundi akaitwa, akasema pampu imekufa, inunuliwe nyingine. Kamati ikaanza kuchangisha kaya kwa kaya. Wengine waliuza kuku.

Karani wa mashine alikuwa mama mmoja mwanakisomo. Kila siku aliandika katika daftari saa ya kuwasha, saa ya kuzima, na kiasi cha mafuta katika tangi. Tukasoma naye. Akasema, "Mwalimu, hebu tazama hapa. Tangi likijaa, inazima upesi. Likiwa nusu, inachelewa kuzima."

Tukashangaa. Pampu iliyokufa itajuaje kama tangi limejaa au ni nusu?

Tukaenda kulitazama tangi. Kifuniko chake kilipotea siku nyingi. Watu walifunga mdomo wake kwa nailoni na kuukaza kwa mpira wa baiskeli, ili vumbi la unga lisiingie. Tulipofungua mpira ule, tulisikia hewa ikivutwa ndani: fyuuu! Injini ikawashwa, na siku ile haikuzima tena.

Kwa nini? Sote tumewahi kutoboa kopo la maziwa. Ukitoboa tundu moja tu, maziwa yanatoka kwa shida. Ukitoboa la pili, hewa inaingia na maziwa yanatiririka. Tangi ni hivyo hivyo. Mafuta yakitoka, hewa lazima iingie mahali pake. Tangi likijaa, nafasi ya hewa juu ya mafuta ni ndogo, kwa hiyo mafuta yanakwama mapema.

Sasa tufuate hatua hizi. Kwanza tuzime injini, tungoje mpaka mkanda usimame kabisa. Asiwepo mtu wa kuvuta sigara.

1. Tutazame kifuniko cha tangi. Tundu lake dogo la hewa lisizibwe na unga.

2. Tutoe dizeli kidogo chini ya tangi, tuitie katika chupa nyeupe, tungoje. Kama kuna maji, yatakaa chini, maana dizeli ni nyepesi kuliko maji.

3. Tutazame chujio la dizeli. Likijaa uchafu, mafuta hayapiti vizuri.

4. Tukague bomba la mafuta na viungo vyake. Kiungo kikilegea, hewa inaingia katika bomba na injini inakohoa. Tukikaze, kisha hewa iliyomo itolewe.

5. Tutazame chujio la hewa. Chumba cha mashine kimejaa vumbi la unga, na chujio linaziba upesi.

Tutazame na moshi pia. Moshi mweusi maana yake hewa ni kidogo, au mahindi yamemiminwa mengi mno. Moshi wa buluu maana yake oili inaungua ndani. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto ni dalili kuwa dizeli haiungui vizuri, au maji yameingia. Kwa moshi wa buluu na mweupe, tumwite fundi. Tusifungue pampu wala nozeli wenyewe. Dizeli inayoruka pale ina nguvu ya kupenya ngozi.

Tusimdharau fundi, ndugu zangu. Yule fundi alifika mara moja tu, hakuwa na habari za siku zote. Zilikuwa katika daftari, na hakuna aliyempa alisome. Michango ikarudishwa, lakini kuku walikwisha kuliwa.

Basi na sisi tuwe na daftari letu la mashine. Na kabla hatujatawanyika leo, twendeni sote tukatazame kifuniko cha tangi letu.