FUNGATE NA SAFARI ZA FAHARI

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyemuumba mwanadamu na akamjaalia mwenzi apate utulivu kwake. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), na Aali zake, na Sahaba zake, na kila aliyefuata nyayo zao kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baad. Ndugu Waislamu mliohudhuria msikitini, na nyinyi mnaotusikiliza kwa redio majumbani na makazini, naiusia nafsi yangu na nakuusieni nyinyi kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri, katika ibada zenu, na katika matumizi ya mali zenu pia. Kwani kila mja ataulizwa juu ya mali yake maswali mawili: ameichuma wapi, na ameitumia katika nini.

Maneno yetu ya leo ni juu ya jambo lililoenea miongoni mwa vijana wetu wanaooa na kuolewa, nalo ni safari za fungate. Fungate tunayoijua sisi watu wa pwani ni siku saba za baada ya harusi. Bwana harusi huingia nyumbani kwa mkewe, wakakaa ndani wawili hao, somo akawahudumia, na chakula kikaletwa na jamaa. Siku hizo saba zina asili katika mwenendo wa Bwana Mtume (S.A.W.), ambaye alifundisha kuwa mwenye mke akimwoa bikira akae kwake siku saba, na akimwoa aliyekwisha kuolewa akae kwake siku tatu, kisha ndipo agawe zamu kwa wakeze. Makusudio yake ni kumwondolea mke ugeni na haya, na kuwapa wawili hao nafasi ya kuzoeana.

Ama leo, fungate imetoka chumbani ikapanda ndege. Utamsikia kijana amepanga kuanza na mbuga za Serengeti, kisha ashukie Unguja, kisha aende Shelisheli, amalizie Maldivi au Morisi, kila mahali siku tatu au nne, katika vyumba vya hoteli vilivyojengwa juu ya nguzo baharini. Watu huuliza: Je, sheria inasemaje? Je, ni haramu?

Ndugu Waislamu, tusiharakishe kuharamisha alichokihalalisha Mwenyezi Mungu. Kusafiri si haramu. Kusafiri na mke si haramu, bali Bwana Mtume (S.A.W.) alipotaka kusafiri alikuwa akipiga kura baina ya wakeze, na aliyeangukiwa na kura alikwenda naye. Na tumepokea kuwa safarini alishindana mbio na Bibi Aisha (R.A.), mara ya kwanza bibi akashinda, na mara nyingine, baada ya muda kupita, akashinda yeye Bwana Mtume (S.A.W.). Mume kumfurahisha mkewe ni katika wema. Na mwenye wasaa ameamrishwa atumie kwa kadiri ya wasaa wake. Basi tajiri aliyelipa haki za watu, akatoa zaka, kisha akamchukua mkewe kuiona bahari ya nchi nyingine, hatuna la kumlaumu, maadamu haendi katika maasi.

Mazungumzo yetu ni na yule asiyekuwa na wasaa, naye akalazimisha wasaa. Na hao ndio wengi.

Tuchukue mfano, tufanye na hesabu. Tuseme kijana anapata mshahara wa shilingi 1,200,000 kwa mwezi. Safari ya siku kumi anayoipanga inataka shilingi 15,000,000. Akiba yake ni 5,000,000. Hizo nyingine 10,000,000 anazikopa kwa marafiki. Tuseme amepata wa kumkopesha bila ya riba, na kila mwezi analipa 400,000, yaani theluthi ya mshahara wake. Atalipa kwa miezi 25. Mwenyezi Mungu akiwaruzuku mimba katika safari hiyo, mtoto atazaliwa, atatambaa, atasimama dede, atatembea, na baba yake bado analipia chumba alichokilala siku tatu. Na hapo hatujataja kodi ya nyumba, wala mkunga, wala maradhi. Na ikiwa mkopo huo ni wa riba, basi ameanza ndoa yake kwa jambo ambalo Mwenyezi Mungu amelitangazia vita.

Enyi vijana, msidhani deni ni jambo jepesi. Aliletwa maiti mbele ya Bwana Mtume (S.A.W.) ili asaliwe, akauliza kama ana deni, akaambiwa kuwa anadaiwa dinari mbili. Akawaambia masahaba wamsalie wenyewe, mpaka Abu Qatada (R.A.) alipojitolea kulichukua deni hilo, ndipo akamsalia. Dinari mbili tu! Na huenda mtu yule alikopa kwa njaa. Itakuwaje kwa aliyekopa mamilioni ili asionekane duni mbele ya wenziwe?

Kwani tukiulizana kwa haki, ni nani anayeitaka safari hii? Mara nyingi si mume wala si mke. Ni jamaa wanaoshindana: binti wa fulani alipelekwa Maldivi, na wetu asipelekwe? Ni picha zinazopigwa na kupelekwa kwenye mitandao siku ile ile, ili wasiokuwapo waone. Hapo fungate, ambayo ilikuwa sitara ya watu wawili, imekuwa tamasha la watu wote. Na Bwana Mtume (S.A.W.) amewakemea vikali mume na mke wanaotoa nje siri ya faragha yao. Basi mche Mungu, ewe kijana, wala usiyatoe mapambo ya mkeo kwa macho ya wasiohusika.

Nanyi wazee wa bibi harusi, msiifanye safari kuwa sharti la posa. Tumefundishwa kuwa ndoa yenye baraka kubwa ni ile iliyo nyepesi wa gharama. Sayyidna Ali (R.A.) alipomwoa Bibi Fatima (R.A.), mahari yake ilikuwa deraya yake ya vita, na vyombo alivyoingia navyo nyumbani bibi huyo, binti wa mbora wa viumbe, vilikuwa kama mto wa ngozi uliojazwa nyuzi za mtende, kiriba cha maji, na mawe ya kusagia. Nani kati yetu atakayesema kuwa harusi ile ilikuwa na upungufu?

Ndugu Waislamu, hebu tuizingatie nchi ya Maldivi yenyewe, ambayo jina lake limekuwa katika vinywa vya vijana. Ni nchi ya zaidi ya visiwa 1,100 vidogo, na wenyeji wake ni Waislamu tangu karne ya kumi na mbili. Mahoteli ya fahari yalianza huko mwaka 1972, na mengi yamewekwa katika visiwa vyake peke yake, mbali na vijiji vya wenyeji; huko pombe huuzwa kwa wageni, na katika visiwa vya wenyeji hairuhusiwi. Msafiri Ibn Batuta, ambaye mwaka 1331 alifika Mombasa na Kilwa katika pwani yetu hii, alifika na huko kiasi cha mwaka 1343, akafanywa kadhi, akawahimiza watu kuhudhuria sala ya Ijumaa. Akaeleza kuwa kuoa katika visiwa hivyo ni kwepesi kwa sababu mahari ni madogo. Naye alioa huko wake wanne. Lakini alipoondoka aliwaacha, na ndoa zile zikaishia huko huko. Basi tazameni: bahari ilikuwa ile ile nzuri, na mchanga ule ule mweupe, wala havikuidumisha ndoa. Kinachodumisha ndoa ni mapenzi na huruma ambayo Mwenyezi Mungu huyatia baina ya mume na mke, na haki ambayo kila mmoja humtimizia mwenziwe.

Na sisi tuna neema ambayo tumeizoea hata hatuioni. Watu wanatoka Ulaya kwa maelfu ya fedha kuja kuiona bahari ambayo watoto wetu wanaogelea kila jioni. Mtu wa Unguja anaweza kumchukua mkewe Pemba. Wa Dar es Salaam anaweza kwenda Mafia au Kilwa, akaona msikiti mkuu wa kale wa Kilwa Kisiwani. Wa Mombasa anaweza kwenda Lamu. Na aliye Unguja akifika Kizimkazi ataona kibla ya msikiti yenye maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Watembee hapo mume na mke, wamkumbuke Mwenyezi Mungu, na warudi nyumbani bila ya deni. Na wako wanaojaaliwa kuanza ndoa yao kwa Umra. Hiyo ni safari ambayo mtu hurudi nayo na thawabu.

Ama yule aliyejaaliwa uwezo, na akaazimia kusafiri katika visiwa hivyo, tunamnasihi mambo matano.

Kwanza, alipe mahari kabla ya kununua tiketi. Mahari ni haki ya mke. Si uungwana mume kumwambia mkewe asubiri haki yake, huku akimlipa mwenye hoteli kabla ya siku kufika. Kadhalika alipe madeni yake, na atenge matumizi ya nyumba na ya wazazi wanaomtegemea.

Pili, wapange kwa kushauriana. Huenda mke angependelea nusu ya fedha hizo ziwekwe kwa kiwanja au kwa cherehani, naye anaona haya kusema. Mume na amuulize kwa upole, na asikilize jawabu.

Tatu, ajue anachokinunua. Bei ya chumba siyo bei ya safari. Maldivi, kutoka uwanja wa ndege mpaka kisiwa cha hoteli, mtu huchukuliwa kwa mashua ya kasi au kwa ndege ndogo inayotua majini, na mara nyingi hulipa mbali. Chakula karibu chote kimeletwa kwa meli au kwa ndege, na kila kikombe kina bei yake. Ajue na majira. Wazee wetu mabaharia hawakutweka tanga bila ya kuujua upepo. Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, Maldivi huwa kukavu, lakini Morisi ni msimu wa vimbunga, unaoanza Novemba na kuendelea mpaka Aprili hivi; na kwetu masika hunyesha kutoka Machi mpaka Mei. Mwezi unaofaa kisiwa kimoja huenda ukawa mbaya kwa kingine, na fedha iliyokwisha kulipwa hairudi kwa wepesi.

Nne, asiiache sala. Msafiri ameruhusiwa kupunguza Adhuhuri, Alasiri na Isha, kila moja rakaa mbili, na kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Lakini kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafi, akinuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, hukumu ya safari imekwisha kwake, na atasali kamili. Basi anayekaa siku tatu kisiwa hiki na siku tano kile, hukumu yake inabadilika kwa kila kisiwa. Na kibla pia kinabadilika: sisi huku tunaelekea kaskazini, na aliye Maldivi anaelekea magharibi kwa upande wa kaskazini. Mwenye kukumbuka kuuliza saa ya chakula cha hoteli, asisahau kuuliza kibla.

Tano, awe mwema kwa wanaomhudumia. Wengi wa wafanyakazi wa mahoteli ya Maldivi ni wageni waliotoka Bangladesh, India na Sri Lanka, wameacha wake na watoto kwao ili watafute riziki. Na wanaotandika vitanda vya wageni Nungwi na Paje ni watoto wetu sisi. Mwenye kustarehe na akumbuke kuwa starehe yake imebebwa na jasho la mwenziwe. Ampe neno jema, na amlipe haki yake.

Ndugu Waislamu, Mwenyezi Mungu amewasifu waja wake wema kuwa wanapotoa hawafanyi israfu wala hawafanyi ubahili, bali huwa katikati ya hayo. Hiyo ndiyo mizani ya fungate, kama ilivyo mizani ya maisha yote. Fungate ni siku saba. Ndoa tunaiombea iwe miaka hamsini. Ni upungufu wa akili mtu kuitumia akiba ya miaka katika siku. Kijana asiyekuwa na uwezo asione haya kukaa fungate yake katika chumba cha kupanga, kwa wali wa jamaa na maji ya mtungi, maadamu mlango umefungwa, deni hakuna, na mkewe ameridhika naye.

Ee Mola wetu, wabarikie vijana wetu walioingia katika ndoa, na wafanyie wepesi wale wanaoitaka na hawajaweza. Watie mapenzi na huruma baina yao, waruzuku kizazi chema, na utukinge sisi na wao na deni linaloelemea na fahari inayoangamiza. Tulipie madeni yetu, tusamehe sisi na wazazi wetu na Waislamu wote, walio hai na waliotangulia. Amin.

Wasalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.